Kinalipa, lakini niacheni na mistari yangu minne

Swali lenu la wiki hii, "Kilimo cha simu kinalipa au kinafilisi?", yaani kulimiwa shamba kijijini huku wewe uko mjini unatuma hela na maagizo kwa simu, nimelisoma ndani ya daladala nikitoka kazini Mtumba, hapa Dodoma, nikajikuta nalijibu kwa sauti mpaka konda akanigeukia. Jibu ninalo, ingawa huenda si la swali mliloliuliza.

Msimamo wangu kwanza: shamba linataka miguu ya mwenyewe. Anayetuma hela "na ya kutolea", kisha akakaa kungoja picha za alizeti iliyochanua, huyo halimi, anachangia. Mwenzangu ofisini alitumiwa picha za shamba lake misimu miwili. Alipokwenda akakuta ule mlima unaoonekana nyuma ya alizeti hauko katika kijiji kile. Na sisi wa Dodoma ndio tungekuwa wa mwisho kudanganyika, maana Kongwa iko hapo. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga, amri zikitoka London, udongo wenyewe hawaujui. Udongo ule ukikauka unakuwa tofali, karanga zinabaki humo humo chini. Kufikia 1951 walishafunga virago, na pauni milioni 36 hivi zimeyeyuka. Kwangu hicho nacho kilikuwa kilimo cha simu, enzi za telegramu.

Mimi nina ekari tatu upande wa Hombolo, alizoniachia mama. Mbili uwele, moja alizeti. Watu wananiuliza kwa nini nisiweke zabibu zenye hela. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na zinataka mtu kila siku. Mimi nina Jumamosi tu. Kifuku, msimu wetu wa mvua, kikianza Desemba mpaka Aprili, Jumamosi hunipati, hata harusi nachangia nisiende. Sitaki kudanganya kwamba nafuata faida. Nafuata ile saa moja asubuhi ambapo hakuna anayenidai taarifa ya robo mwaka.

Sasa niwasimulie. Mwaka juzi Januari nilichukua likizo ya wiki mbili, nikasema palizi ya kwanza nitaifanya mwenyewe. Anayenitunzia shamba ni mama wa umri wa marehemu mama yangu. Nikafika. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Mbukwa, Mama Neema! Umekuja kututembelea?" Kutembelea! Nikamwambia nimekuja kulima. Akaziangalia glavu zangu, mpya, bado zina lebo, akasema basi nianzie pale kwenye mbuyu, yeye ana msiba kijiji cha pili, atarudi mchana.

Nililima kama nimelipwa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: uwele ni jamii ya nyasi, jani lake jembamba, kwa hiyo chenye jani pana chote ni gugu. Mistari kumi na minane, nilihesabu, mgongo unawaka. Nikapiga picha "kabla" na "baada" nikawatumia dada zangu. Udongo ulibaki mweupe kati ya miche kama kiwanja kilichofagiliwa kwa ajili ya mgeni rasmi.

Mama akarudi, akasimama. Hakusema neno. Akainama, akaokota mche mmoja uliokwisha kunyauka, akaudondoshea maji ya kwenye chupa yangu, akafikicha jani kati ya vidole. Alipovitenganisha, ute ukavutika.

"Na huu ni nini, Mama Neema?"

Jamani. Mlenda nimeula tangu sina meno. Nimezaliwa mjini, Chang'ombe, lakini kila mwaka mama yangu alikuwa akiletewa ule wa unga kutoka kijijini, mfuko unafungwa mara tatu usiingie unyevu. Nilikuwa sijawahi kuuona umesimama ardhini. Akanieleza bila kunikaripia: mlenda pori haupandwi, unajiotea kati ya uwele, na mwenye akili akipalilia anauruka. Baadaye unachumwa, unaanikwa, unatwangwa, na ndiyo mboga ya kiangazi chote, miezi ambayo hapa kwetu jani la kijani hulioni. Nilikuwa nimeng'oa kiangazi cha watu wa nyumba nzima kwa nusu siku, na picha nimepiga.

Tukaokota ile miche kwenye kanga yangu, jua la saa nane. Mingi ilikuwa michanga mno kuanikwa. Jioni akapika uliofaa, akaweka karanga, akanisogezea ugali wa uwele. "Kula. Kazi yako ya leo ndiyo hii."

Nimefika hapa na ule msimamo wangu wa mwanzo naona unalegea mikononi. Miguu ya mwenyewe, sawa, lakini mwenyewe nani? Karatasi ina jina langu. Macho ni yake. Msimu uliopita nilikuwa nauguza mjini, sikukanyaga Hombolo hata mara moja. Nilituma hela, nikatuma sauti kwa simu, yeye akanijibu kwa sauti, nyingine fupi kama kukohoa. Tulipata gunia tisa za uwele. Mwaka wa likizo yangu, sita. Msiniandikie kunisahihisha, najua: mvua ilikuwa nzuri zaidi, na kwelea kwelea hawakutushukia, kwa hiyo gunia zile tatu si zote za kutokuwepo kwangu.

Kwa hiyo ndiyo, kinalipa. Ila uwele tunagawana nusu kwa nusu, na mlenda ni wake wote (hilo la mlenda nalijua sasa; mama yangu na yeye walielewana zamani, mimi sikuambiwa). Mtu wa kibarua, asiye na chake humo ndani, atakutumia mlima wa kijiji kingine. Na nasema uwele na alizeti. Ukiweka zabibu au matikiti kwa simu, usinitaje.

Kwenda bado nakwenda. Amenipimia mistari minne karibu na mbuyu: "Hiyo haribu upendavyo." Jumamosi hii ni palizi. Ameniagiza chumvi na betri za tochi, glavu nizichane lebo kwanza.