Folda ya /usr/src iko tupu, keneli nitaijengaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Matondoni hapa Lamu, nina laptopu kuukuu ya ramu GB 2, nimeitia FreeBSD 14.3, ule mfumo endeshi wa bure, ikakubali vizuri tu. Sasa nataka nijenge keneli yangu, yaani kile kiini cha mfumo, nitoe vitu nisivyotumia, lakini /usr/src, folda ya sosi kodi (maandishi ya programu inayojengewa keneli), ni tupu kabisa, nikipiga make buildkernel inasema haijui kitu hicho. Kuivuta sosi kodi mtandaoni kwa git naogopa, bando litaisha kabla haijafika nusu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujaharibu kitu, ila wakati wa kuinstoli inakuuliza unataka vipande gani na wewe hukutia alama kwenye src, basi sosi kodi haikuingia. Ile flashi uliyoinstolia bado unayo? Kama ulitumia imeji (faili la kuinstolia) kubwa, sio ile ndogo inayovuta kila kitu mtandaoni, sosi kodi imo humo humo kwenye folda ya usr/freebsd-dist, faili ni src.txz. Ingia kama root, yule mtumiaji mwenye ruhusa zote, maunti (unganisha) flashi kwenye /mnt halafu piga tar -C / -xf /mnt/usr/freebsd-dist/src.txz na bando hujaligusa. Ukimaliza piga freebsd-update fetch kisha freebsd-update install, hii usiiruke, maana iliyo kwenye flashi ni ya siku toleo lilipotoka na marekebisho ya usalama yamekuja baadaye.

GENERIC, faili la mipangilio ya keneli ya kawaida, usiiguse. Ingia /usr/src/sys/amd64/conf, fungua faili mpya uiite MATONDONI, mstari wa kwanza include GENERIC, wa pili ident MATONDONI, chini yake nodevice na jina la kila dereva usiyoitaka. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Wewe uko Matondoni, umeona mafundi wa mashua, taruma, ubavu wa mashua, halitolewi mpaka ujue limeshika nini, sasa mtu anaona scbus na da, madereva ya diski za SCSI, anasema mimi sina diski hizo anazitoa, kumbe flashi ya USB inapita hapo hapo kupitia umass, dereva ya hifadhi za USB.

Kisha rudi /usr/src, make buildkernel KERNCONF=MATONDONI. Kwenye mashine kuukuu inachukua muda mrefu, iache usiku, na stima ikipotea usiogope kwa sababu keneli unayotumia haijaguswa bado. Inaguswa kwenye make installkernel KERNCONF=MATONDONI. Ya zamani inahamishiwa /boot/kernel.old, lakini ukiinstoli mara ya pili ukiwa ndani ya keneli mpya ile nzuri ya mwanzo inafutika, kwa hiyo kabla ya yote piga cp -Rp /boot/kernel /boot/kernel.nzuri. Mashine ikigoma kuwaka, kwenye menyu ya mwanzo toka uende kwenye promti uandike boot kernel.nzuri.

Ramu utakayookoa ni kidogo, nakwambia kweli, lakini kama ni kujifunza jenga tu mwanangu.