Mzee Ana Miaka Mingapi? Majibu kwa Wasomaji

Mjukuu wangu amesoma kwamba waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 wanaielemea mifuko ya pensheni huko Marekani. Mimi ni wa 1951. Na sisi huku tunawaelemea vijana? (Bibi, Magomeni)

Shikamoo bibi. Hesabu ya Marekani usiibebe. Kule askari walirudi kutoka Vita Kuu ya Pili, wakaoa, na kuanzia 1946 hadi 1964 wakazaliwa watoto wapatao milioni 76. Baada ya hapo uzazi ukashuka. Kundi lile kubwa limezeeka kwa pamoja, na wanaochangia nyuma yake hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Kwetu uzazi haukushuka 1964. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 Tanzania nzima. Ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Rika lako ni dogo mno mbele ya vijana. Shida yenu ni nyingine: mkulima, mvuvi na mama ntilie hawakuwa na mfuko wowote, na walioajiriwa kwenye mashirika ya umma wengi walipunguzwa kazini miaka ya 1990, wakatoka na kiinua mgongo kilichoishia kwenye tofali na mabati. Kwa hiyo anayekulisha leo ni mwanao, siyo mfuko. Yeye ndiye mwenye haki ya kulalamika, na kwa kawaida halalamiki.

Baba hana cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho cha taifa kinasema 1 Julai 1958, kadi ya mpiga kura 1955, faili la kazini 1960. Tushike ipi? (Temeke)

Kwanza, iangalieni hiyo 1 Julai. Mara nyingi tarehe ya namna hiyo, kama ilivyo 1 Januari, huandikwa mtu anapotaja mwaka tu. Msiitetee kana kwamba kuna mkunga aliyeiandika.

Kumuuliza mzee "ulizaliwa lini?" ni kumlazimisha abuni. Muulizeni alikuwa anafanya nini siku fulani. Uhuru, 9 Desemba 1961: alibebwa mgongoni, au alishaanza kuchunga mbuzi? Mvua kubwa zilizofuata baada ya ukame wa mwaka huo anazikumbuka mwenyewe, au alisimuliwa? Januari 1964 wanajeshi walipoasi hapa Dar es Salaam, alikuwa wapi? Shilingi ya Tanzania ilipotoka 1966, aliwahi kutumwa dukani na hela mpya? Azimio la Arusha, Februari 1967: aliimba mchakamchaka akiwa darasa la ngapi? Mtoto wa kubebwa mpeni chini ya miaka mitatu. Wa kuchunga peke yake sita hadi tisa. Chukueni angalau matukio matatu. Yakipishana kwa zaidi ya miaka miwili, kuna tukio moja alilosimuliwa akalifanya lake.

Mitego ipo miwili mikubwa. Darasa siyo umri: wapo walioanza la kwanza wakiwa na miaka tisa au kumi, kwa sababu shule ilikuwa mbali au ada ililipwa kwa zamu na kaka. Mtego wa pili ni kuhesabu kwa ndugu. Familia husema "tumepishana miaka miwili miwili", halafu inawaruka watoto waliofariki katikati. Ulizeni wazi, kwa upole: kati yako na dada yako nani alitangulia mbele za haki? Jibu hilo peke yake huweza kusogeza mwaka wa kuzaliwa kwa miaka miwili au mitatu.

Kwa upande wa karatasi, daftari la ubatizo la parokia lina uzito kuliko mengine, mradi alibatizwa akiwa mchanga. Kinachofuata ni cheti cha shule. Kadi ya chama na ya mpiga kura ziko mwisho, maana ziliandikwa kwa kauli yake mwenyewe. Faili la kazini lisomeni kwa jicho la pili: kupunguza umri ili kuchelewesha kustaafu ni mchezo wa zamani. Hata hivyo kwa mtumishi wa umma, tarehe aliyojaza alipoajiriwa mara ya kwanza ndiyo inayoshikiliwa. Ombi la kuibadilisha mtu akikaribia 60, umri wa kustaafu kwa lazima, hutazamwa kwa mashaka, na kwa haki kabisa.

Mkishakubaliana mwaka, fuateni mpangilio huu: hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, kisha RITA (wasajili wa vizazi na vifo) kwa usajili wa kuchelewa, kisha NIDA (watoa kitambulisho cha taifa) kurekebisha, ndipo benki na mfuko. Mkianza na benki mtarudishwa. Majina nayo yalinganisheni herufi kwa herufi. Mohamedi na Mohamed kwenye kompyuta ni watu wawili.

Mama ana miaka 66, hana kipato. Ni kweli hospitali ya serikali ni bure kwake? (Tandika)

Sera inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Anzeni serikali ya mtaa kwa barua ya utambulisho, kisha ustawi wa jamii hospitalini. Umri lazima uonekane kwenye kitambulisho, na hapa ndipo jibu la Temeke linapowahusu na ninyi. Daktari mtamwona. Dawa ndiyo hukosekana dirishani, basi wekeni akiba ya kuinunua nje.

Mama anaficha sukari, sabuni za mche na mafuta ya taa chini ya kitanda, na sasa hata vidonge vya presha. Amechanganyikiwa? (Kinondoni)

Si lazima. Aliyelea watoto Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipanga foleni alfajiri kwenye duka la ushirika bila kujua kinachouzwa, akala unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, akaona watu wakikamatwa kwa bidhaa walizoficha. Alijifunza mawili kwa pamoja: weka, na usionekane. Kama tabia hii ni ya siku zote, iacheni. Ikiwa imeanza mwaka huu, tena anasahau alipoweka au anawashuku wajukuu wizi, mpelekeni kwa daktari.

Sukari ihamishieni kwenye ndoo yenye mfuniko, mbele yake, na msitupe kitu kwa siri. Mkitupa ataficha mbali zaidi.

Vidonge havina mjadala. Wazee wengi wa rika hili humeza nusu, au siku moja wanaruka, "vikae". Presha inapanda bila kuuma. Na vile vya kuachia dawa polepole, kama baadhi ya nifedipine, vikisagwa au kutafunwa huimwaga dawa yote kwa mara moja na presha kushuka ghafla. Hesabuni vidonge kila Jumapili, vya siku saba tu vibaki kwake.

Mkimpima, akojoe kwanza, akae dakika tano ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee. Pimeni mara mbili, muandike. Kisha asimame, mpime tena baada ya dakika moja na baada ya tatu: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huyo ndiye anayeanguka usiku akienda chooni. Mwambieni daktari kabla ya kubadilisha chochote.

Mafuta ya taa yatoke chumbani leo, na yasikae kwenye chupa ya maji ya kunywa.