Bundi wa Pemba: jina lile lile, daraja nyingine

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Ninasomesha skuli moja ya Wete. Orodha ya zamani ya ndege niliyonayo inamwandika bundi wetu mdogo Otus rutilus pembaensis, ikimhesabu kuwa ni bundi wa Bukini (Madagaska), ilhali orodha mpya inamwandika Otus pembaensis. Je, hawa ni ndege wawili?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Ndege ni huyo huyo mmoja. Kilichobadilika ni daraja aliyopewa. Neno la kwanza hutaja jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu, la pili spishi, yaani aina yenyewe ya mnyama, na la tatu, likiwepo, hutaja nususpishi, yaani jamii ya mahali fulani iliyotofautiana na wenziwe kwa kiasi kidogo tu. Jina pembaensis lilitolewa na mtaalamu wa ndege Pakenham mwaka 1937, na kwa kanuni za majina ya wanyama halipotei, awe ndege huyo spishi kamili au tawi la spishi nyingine.

Kwa bundi, ushahidi wenye uzito mkubwa ni mlio, kwa sababu hazaliwi akajifunza kulia kwa wazazi wake kama wafanyavyo ndege wengi waimbao. Mlio wake ni wa kuzaliwa nao. Anayemsikia bundi wa Pemba usiku, katika msitu wa Ngezi au katika mikarafuu, husikia "hu" moja moja, na mlio huo haufanani na wa yule wa Bukini. Tena Pemba imezungukwa na bahari yenye kina kirefu mno. Bahari iliposhuka takriban mita 120, miaka 20,000 hivi iliyopita, Unguja iliungana na bara lakini Pemba ilibaki kisiwa, na ndiyo maana ina pia ninga wake, chozi wake na kinengenenge wake, wote wakihesabiwa spishi kamili, wakati shorobo wa Fischer aliyeko Unguja huandikwa nususpishi, zanzibaricus.

Orodha hutofautiana kwa kuwa kila kamati inayotunga orodha ina kipimo chake cha tofauti inayotosha, na mimi sioni kuwa huo ni udhaifu. Kinachonisikitisha ni orodha kuacha majina ya wenyeji. Kwa hiyo wanafunzi wako wanapomwandika ndege, waandike jina la kitaalamu, mwaka wa orodha waliyoifuata, na jina analoitwa kijijini kwao, pamoja na jina la kijiji chenyewe.