Kompyuta mbili, ruta moja, na folda isiyofunguka

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: kompyuta mbili zimo ndani ya nyumba moja, intaneti zote zinapata, lakini moja haitaki kufungua folda ya mwenzake. Nimezifupisha nikabakisha kiini.

Fundi, nimeshea folda kwenye kompyuta ya mezani. Jana laptopu iliiona, leo nikifungua sehemu ya mtandao hakuna kitu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuisahau ile orodha. Kutoonekana ni jambo moja, kutofikika ni jingine. Majina unayoyaona kwenye sehemu ya mtandao ni matangazo tu: kila mashine inajinadi, nyingine zinasikiliza. Tangazo likikatika, mashine bado ipo na folda yake bado inafunguka kwa anayejua njia.

Kwenye kompyuta ya mezani fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha soma namba iliyo kwenye mstari wa IPv4. Tuseme ni 192.168.1.20. Rudi kwenye laptopu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\192.168.1.20 halafu Enter. Vistari hivyo viwili ni vile vinavyolalia kushoto. Si vile vya anwani za wavuti.

Folda zikijitokeza, mtandao wako ni mzima na kilichokwama ni tangazo. Nenda kwenye orodha ya huduma za Windows katika kompyuta yenye folda, tafuta Function Discovery Resource Publication, iwashe na uiache ijiwashe yenyewe kila mara. Zamani kazi ya kuorodhesha mashine ilibebwa na SMB1, toleo la kale la lugha ambayo Windows hutumia kushea faili, na Windows 10 ilipofika toleo la 1709 mwaka 2017 iliacha kuisakinisha. Ndiyo maana maelekezo mengi ya zamani hayafui dafu siku hizi.

Ukiulizwa jina na nywila, umefika. Ruka hadi swali linalofuata.

Ikizunguka kwa muda kisha ikakuletea kosa 0x80070035, njia imezibwa. Mshukiwa wangu wa kwanza huwa ni aina ya mtandao. Windows ikikutana na mtandao mpya huenda ikauhesabu kuwa wa umma, kama ule wa hotelini, na faiwoli, yaani mlinzi wa mlango wa kompyuta, ikafunga kila kitu. Fungua mipangilio ya mtandao, ugeuze Public iwe Private, kwenye mashine zote mbili. Wakati mwingine kubadilisha ruta kunatosha kuirudisha kwenye umma bila wewe kuambiwa.

Na usiamini ping, ile amri ya kupima kama mashine inajibu, peke yake. Faiwoli inaweza kuikataa ping huku ikiruhusu faili, na kinyume chake. Kipimo cha kweli ni kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows: andika Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445. Mstari wa mwisho ukisema True, njia iko wazi, na tatizo lako si la mtandao tena.

Naulizwa jina la mtumiaji na nywila. Naweka namba ninayofungulia kompyuta kila siku, inakataa. Nimejaribu mpaka nimechoka.

Hata ukijaribu hadi kesho itakataa. Hiyo ni PIN, na PIN hufanya kazi kwenye mashine ileile ilikowekwa, haisafiri kwenye mtandao. Kinachotakiwa ni akaunti ya kompyuta yenye folda, wala si ya hii uliyokalia. Kama akaunti hiyo ni ya Microsoft, jina ni barua pepe yako na nywila ni ile ya akaunti hiyo ya Microsoft, ambayo wengi huwa wameisahau kwa kuwa wamezoea PIN. Kama ni akaunti ya kawaida isiyo na nywila kabisa, napo utagonga ukuta: Windows kwa kawaida haimruhusu mtu kuingia kupitia mtandao kwa akaunti tupu.

Mimi huwa sisumbuki na akaunti za watu. Kwenye kompyuta yenye folda natengeneza akaunti ndogo, nasema tuiite "faili", naipa nywila, kisha naishea folda kwa akaunti hiyo tu. Kwenye laptopu naandika MEZANI\faili, yaani jina la kompyuta, kistari, jina la akaunti, na naweka alama ya kukumbuka. Mwenye kompyuta akibadilisha nywila yake mwenyewe, folda haiguswi.

Kuna mtego mmoja hapa. Kama uliwahi kuweka nywila isiyo sahihi na kuihifadhi, Windows itaendelea kuipeleka hiyohiyo kimyakimya. Fungua Credential Manager, ghala la nywila zilizohifadhiwa na Windows, ufute kila kinachotaja kompyuta ile. Ukikutana na kosa 1219, maana yake tayari una muunganisho kwa jina jingine, na Windows haikubali majina mawili kwa mashine moja kwa wakati mmoja. Andika net use * /delete, ukubali, uanze upya. Amri hiyo hukata diski zote za mtandao, kwa hiyo funga kwanza faili ulizofungua humo.

Utashauriwa uzime kabisa ulinzi wa nywila ili kila mtu aingie kama mgeni. Siupendi ushauri huo, na siku hizi hata haufanyi kazi vizuri: Windows 11 Pro toleo la 24H2 yenyewe hukataa kuingia kwenye folda kama mgeni, hata mwenye folda akiruhusu.

Nimeingia, nasoma kila kitu, lakini nikitaka kuhifadhi naambiwa sina ruhusa. Kwenye kushea nimeweka kila mtu, ruhusa zote!

Umefungua kufuli moja kati ya mawili. Ruhusa za kushea zina safu yake, na diski ya NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) ina safu yake, ile iliyo kwenye kichupo cha Security. Mtu anayekuja kupitia mtandao hupimwa na zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Fungua kichupo hicho, ongeza akaunti unayoingilia, uipe Modify. Full control haihitajiki kwa kuhifadhi faili.

Kama diski ilitoka kwenye kompyuta nyingine, utaona humo majina ya ajabu yanayoanza na S-1-5-21. Hao ni watumiaji wa Windows ya zamani ambao mashine yako haiwajui. Wala usiwaogope, wewe ongeza akaunti yako na uhakikishe imeshuka hadi kwenye folda za ndani.

Jamaa yangu anasema niwashe SMB1, matatizo yote yataisha. Je, niwashe?

Usiwashe. WannaCry, programu hasidi iliyosambaa Mei 2017, ilipita kwenye tundu la SMB1, ingawa Microsoft walikuwa wametoa kiraka Machi mwaka huohuo. Kama una kisanduku cha kuhifadhia faili kinachojua SMB1 tu, tafuta sasisho lake. Kama halipo, umri wake umekwisha.

Kompyuta ya mezani iko kwenye kebo, laptopu iko kwenye Wi-Fi. Intaneti inafanya kazi kote lakini hazionani hata kwa namba.

Linganisha namba za IPv4 za mashine zote mbili. Zikitofautiana sehemu tatu za mwanzo, kwa mfano 192.168.1.20 na 192.168.0.15, basi ziko kwenye mitandao miwili. Mara nyingi kuna ruta ya pili iliyoongezwa ili Wi-Fi ifike chumbani, nayo imetengeneza mtandao wake. Utambulisho wake ni wa kuchekesha: laptopu iliyo nyuma ya ruta ya pili huweza kuifikia ya mezani, lakini ya mezani haiwezi kumrudia mwenzake. Dawa ni kuiweka ruta ya pili katika hali ya kusambaza Wi-Fi tu, isigawe namba. Namba ikianza na 169.254, mashine hiyo haijapewa anwani na ruta kabisa. Angalia kebo au uzime na kuwasha Wi-Fi.

Namba zikifanana na bado kimya, angalia jina la Wi-Fi. Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili waliomo wasione vifaa vya mwenye nyumba. Hili lilinila jioni nzima, tena nyumbani kwangu: nilisakinisha upya hadi Windows kabla ya kugundua laptopu ilijiunga na Wi-Fi ya wageni niliyoiweka mwenyewe.

Diski yangu ya mtandao, Z, kila asubuhi ina alama nyekundu.

Ibonyeze. Ikifunguka, achana nayo. Windows iliitafuta kabla Wi-Fi haijawa tayari. Isipofunguka, kompyuta yenye folda imelala, au ruta imeipa namba mpya. Izuie kulala, na kwenye ruta uifungie namba moja. Kama kilichoshewa ni diski ya nje ya USB, tazama pia kama herufi yake imebadilika baada ya kuchomolewa, maana folda hushewa kwa herufi hiyo.

Natumia Linux, nimeweka Samba, lakini nywila yangu ya kila siku inakataliwa.

Samba, programu inayoiwezesha Linux kushea faili na Windows, ina daftari lake la nywila. Andika sudo smbpasswd -a, kisha jina lako, na uweke nywila humo. Jina la Samba, kwa wanaopenda visa, mwanzilishi wake Andrew Tridgell alilipata kwa kusaka kwenye orodha ya maneno neno lenye S, M na B kwa mfuatano.

Sasa faili zinapita, ila ni polepole. Zote ziko kwenye kebo, hazizidi megabaiti 11 kwa sekunde.

Namba hiyo inajieleza. Kebo yako inafanya kazi kwa megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000, na baiti moja ni biti nane. Kasi ya 1,000 inahitaji jozi zote nne za nyaya. 100 inahitaji mbili tu, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika vifaa hushuka kimya bila kulalamika. Badilisha kebo kwanza. Ikibaki 11, soma kilichoandikwa kwenye ruta: nyingine zina milango ya 100 tu, na hapo kebo haina kosa.