Unapoanza kumuuguza aliyerudi kutoka vitani

Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wamevaa sare za jeshi la Marekani. Baadhi waliingia kupitia mpango wa kuajiri wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, ulioanza 2009, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha yake. Wako waliorudi kutoka Iraki na Afghanistan na mguu mmoja, na wako ambao ukiwatazama ni wazima lakini usiku hawalali. Kama ndiyo kwanza umeanza kumuuguza mmoja wao, nakuandikia wewe. Mimi namuuguza mume wangu.

Jambo la kwanza ni kujiandikisha. Wengi wetu tunamwosha mgonjwa, tunampa dawa, tunampeleka kliniki, halafu tukiulizwa tunajibu, "Mimi ni mke tu." Sheria ya Marekani inakutambua kama mtunzaji, lakini haitakuja kubisha hodi kwako. Piga simu 855-260-3274, au ukiwa kwenye hospitali yenu ya VA, idara ya serikali inayowahudumia waliowahi kuwa askari, ulizia ofisi ya msaada kwa watunzaji. Kuna mpango wa jumla ambao hauna fomu ndefu wala hauangalii kiwango cha ulemavu, mradi mgonjwa wako awe anatibiwa na VA. Humo utapata mafunzo, ushauri na watu wa kuzungumza nao. Mpango mkubwa zaidi ulitokana na sheria ya 2010. Mwanzoni ulihusu tu familia za walioumia kuanzia Septemba 11, 2001, ila tangu Oktoba 2022 uko wazi kwa waliotumikia jeshi vipindi vyote. Huo unataka ulemavu uliotokana na utumishi wa jeshi ufike asilimia 70 au zaidi, na mgonjwa awe anahitaji kuhudumiwa kwa mkono kwa muda usiopungua miezi sita mfululizo. Mnajaza fomu 10-10CG pamoja, wewe na yeye. Ukikubaliwa, mtunzaji mkuu hupata posho ya kila mwezi, bima ya afya kama hana nyingine, na siku zisizopungua 30 kwa mwaka za kupumzika wakati mtu mwingine anashika nafasi yake.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu tathmini, pale watu wa VA wanapompima mgonjwa kuona kama anastahili mpango huo mkubwa, maana hapa ndipo familia zetu nyingi huanguka. Watamuuliza yeye, na yeye atasema yuko sawa. Askari kafundishwa kutolalamika. Kisha watakugeukia wewe, na wewe umelelewa kumsitiri mumeo mbele ya wageni, kwa hiyo utasema anajitahidi, Mungu ni mwema. Wakiondoka wameandika kwamba hahitaji msaada. Dada yangu, kumweleza muuguzi hali halisi si kumvunjia mume heshima. Wiki kadhaa kabla, weka daftari jikoni na uandike kila siku kwa maneno mafupi: "Jumatano. Amelala saa kumi alfajiri. Amekagua mlango wa mbele mara nne. Ameacha jiko linawaka. Nimemvalisha viatu." Siku ya tathmini soma kutoka humo, hata kama sauti inatetemeka. Na umweleze mapema kwamba utasoma, asije akadhani umemsemea mgongoni. Wakikataa maombi yenu, mna haki ya kukata rufaa.

Ile fomu 10-10CG ina nafasi za watunzaji wasaidizi, hadi wawili. Usiziache wazi kwa kuona haya. Shemeji yako, binti aliyefika miaka 18, mdogo wa mumeo, yeyote anayeaminika, afundishwe dawa na ratiba ungali una nguvu. Ukingoja mpaka uugue, atafundishwa na nani? Wengi wetu tunakesha usiku mzima tukihudumia wazee wa watu kwenye nyumba za kutunzia wazee, asubuhi tunaanza zamu ya pili nyumbani. Mwili haujui kwamba hii ya pili ni ya mapenzi. Kapime presha, na miadi yako ya daktari iwe kwenye kalenda ileile yenye miadi yake.

Kuhusu nyumbani Afrika, mwambie mtu mmoja ukweli, mtu mzima anayesikilizwa na ukoo, naye awaeleze wengine kwa nini mchango wenu umepungua. Hilo litakuondolea simu nyingi za usiku.

Silaha zifungiwe, na ufunguo asiwe nao yeye siku ambazo hali ni mbaya. VA hutoa kufuli za bunduki bure. Akianza kuzungumza juu ya kufa, piga 988 kisha bonyeza 1. Namba hiyo ni yako pia, hata kama wewe hukuwa askari. Mwanzoni mwa Julai, fataki za sikukuu ya uhuru wa Marekani zinapoanza kulia kama risasi, msishangazwe nazo: ongea na majirani mapema, na usiku ule kaeni vyumba vya ndani na redio ikilia.

Kuhusu zile siku 30 zako za kupumzika, atakataa mgeni nyumbani, karibu wote hukataa. Basi usianze na wiki nzima. Anza na saa chache za Jumamosi, msaidizi aje ungalipo, anywe naye chai, ajue anapenda kuketi akitazama mlango. Mara ya pili wewe toka, hata kama ni kwenda kulala kwa rafiki yako mtaa wa pili.