Maswali na Majibu: Fuwele Nyekundu za Bismuti

Maswali ya safari hii yanahusu fuwele chotara za halidi za bismuti (halidi ni chumvi za metali na klorini, iodini au jamaa zao), yaani zile ambazo ndani yake chumvi ya metali hiyo imeungana na molekuli za ogania, zenye kaboni. Fuwele hizi huchunguzwa kwa ajili ya seli za jua.

Swali (Nyegezi): Shikamoo, Mwalimu. Niliyeyusha kloridi ya bismuti katika maji safi ya maabara, yakawa meupe kama tui. Je, kemikali ilikuwa mbovu?

Jibu: Marahaba. Kemikali yako ni nzima. Kilichoiharibu ni maji. Kloridi ya bismuti ikikutana na maji mengi huvunjika na kutoa oksikloridi, unga mweupe usioyeyuka. Kwa hiyo kloridi huyeyushwa katika asidi ya hidrokloriki, na iodidi katika asidi ya hidroiodiki.

Swali (Magu): Fuwele zangu za iodidi hutoka ndogo kama chumvi ya mezani. Nifanyeje zikue?

Jibu: Fuwele hunyimwa ukubwa na haraka. Kwanza hakikisha vipimo: gramu 1.18 za iodidi ya bismuti kwa gramu 0.48 za iodidi ya methilamoniamu, ambayo ndiyo sehemu ya ogania, uwiano wa moli (yaani wa idadi ya chembe, si wa uzito) 2 kwa 3. Yeyusha vyote katika asidi iliyopashwa moto, ndani ya kabati la kutolea moshi, hadi isibaki chembe hata moja chini, kwa sababu kila chembe iliyobaki huwa mbegu, na mbegu zikiwa nyingi hugawana chakula kilekile. Baada ya hapo acha ipoe polepole mno. Mimi huifunika chupa na kuizamisha katika ndoo ya pumba za mpunga, ambazo huko Magu hazikosekani, na siifungui hadi kesho yake. Nikiinua chupa dirishani, naona vibamba vyekundu vyenye pande 6 vimelala chini, kingo zake zimenyooka. Usivisuuze kwa maji, utaviharibu.

Hata hivyo usihangaikie ukubwa kupita kiasi. Kwa kipimo cha eksirei, kinachoonyesha jinsi atomu zilivyopangwa, fuwele ya milimita 0.2 inatosha, mradi iwe moja isiyo na ufa.

Swali (Bukoba): Rangi nyekundu haitoshi kuthibitisha kwamba nimepata nilichokusudia?

Jibu: Haitoshi. Rangi inatueleza tu kwamba mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya takriban nanomita 590 unafyonzwa, na kitu kingine chaweza kufanya hivyo. Eksirei ndiyo inayoonyesha mpangilio wenyewe: atomu 2 za bismuti, kila moja ikizungukwa na iodini 6, nazo zikishirikiana iodini 3 zilizo katikati, hivyo jumla ya iodini ni 9. Kisha saga fuwele nyingine, pima unga wake kwa eksirei, na ulinganishe vilele vya mchoro wake (pembe ambako eksirei hutoka kwa nguvu) na vile vilivyokokotolewa kutokana na fuwele moja. Kilele kisichokuwa na mwenzake ni dalili ya uchafu, na hakifai kufumbiwa macho.

Swali (Musoma): Kwa nini bismuti, wakati risasi hutoa seli bora za jua?

Jibu: Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto, ilhali baadhi ya chumvi za bismuti hutumika katika dawa za tumbo. Ni kweli kwamba jozi zile za atomu za bismuti zimetengana, umeme haupiti kwa urahisi kati yake, na seli zake bado ni dhaifu. Naona utafiti huu unastahili kuendelea hata hivyo. Asidi zake, lakini, ni kali: vaa miwani na glovu, na mabaki uyaweke katika chupa yenye lebo. Kwetu Mwanza kinachomwagwa mferejini huingia Mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani.