Watakatifu wa Kiooni: Maswali ya Wasomaji

Nitamtofautishaje Mtakatifu Antoni na Mtakatifu Fransisko wa Asizi katika vioo vya rangi vya madirisha ya kanisa, ilhali wote wamevaa kanzu ya kahawia na kamba kiunoni? (Katekista, Malindi)

Mwalimu, Antoni alikuwa Mfransisko, yaani mtawa wa shirika alilolianzisha Fransisko, ndiyo maana vazi ni moja. Usihangaike na uso, kwa kuwa mafundi hawakuwahi kuwaona; tazama mikono. Antoni, aliyezaliwa Lisbon na kufariki karibu na Padua mwaka 1231, hushika yungiyungi jeupe, ishara ya usafi wa moyo, na mara nyingi Mtoto Yesu huwa ameketi juu ya kitabu chake. Fransisko viganja vyake vina alama za misumari, kwani husimuliwa kwamba alipokea madonda ya Kristo mwaka 1224.

Mwanangu alishtuka kumwona mwanamke aliyebeba macho mawili sahanini. Ni nani? (Mama, Barani)

Ni Mtakatifu Lusia wa Sirakusa, ambaye jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru. Mwonyeshe mtoto kwamba Lusia ana macho mazima usoni: yale ya sahanini ni kitambulisho tu, kwa sababu mapokeo ya baadaye yanasema aling'olewa macho kabla ya kuuawa. Wafiadini wengi huchorwa hivyo, wakishika kilichowatesa kama mshindi ashikavyo silaha aliyomnyang'anya adui; Laurenti ana wavu wa chuma aliochomewa, na Katarina wa Aleksandria ana gurudumu lenye miiba. Wengi wao huongezewa tawi la mtende, ishara ya ushindi itokayo Ufunuo 7:9, ambalo mimi utotoni nililidhania kuti la mnazi.

Mimi ni Mwislamu, nami nimealikwa harusi kanisani. Je, picha hizo huabudiwa? (Msomaji, Lamu)

La, ndugu yangu. Mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulipambanua kati ya heshima wanayopewa watakatifu kupitia picha zao na ibada, ambayo ni ya Mungu peke yake. Swali lako ni la haki, maana Wakristo wenyewe walikuwa wameligombania kwa miongo kadhaa.

Nimeona kaa miguuni pa mtakatifu mmoja. Sisi tunamjua kaa wa chunguni. Huyu ana kazi gani? (Mvuvi, Ngomeni)

Huyo ni mmisionari Fransisko Ksaveri, ambaye sisi wa Malindi tungepaswa kumjua kuliko wote, kwa sababu alishuka hapa mwaka 1542 akielekea Goa, India. Katika barua ya mwaka huo alieleza kwamba alimzika hapa mtu aliyefia safarini, na kwamba mzee mmoja wa Kiislamu alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ya mji, ni 3 tu iliyokuwa na watu. Kuhusu kaa, mapokeo yanasema kwamba baadaye, katika visiwa vya Maluku, dhoruba ilipochafua bahari aliutumbukiza msalaba wake majini ili kuituliza, ukamponyoka. Siku iliyofuata kaa akapanda ufukweni akiwa ameuinua kwa magando yake. Ndiyo maana kiooni msalaba husimama wima katikati ya magando mawili. Ukirudi pale, hesabu na miguu: fundi anayemjua kaa humwekea minane, mbali na magando.